Malezi ya Mwalimu wa Sanaa
Mhadhara wa umma, Bukama



Katika shule zetu nyingi, somo la kuchora hupewa mwalimu yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba. Huchora chungu ubaoni, watoto hunakili, kengele hulia. Simlaumu. Amefundishwa kusahihisha hesabu na imla. Kutazama kazi ya mkono wa mtoto hajafundishwa na mtu.

Jambo hili linaniuma zaidi likitokea hapa. Ukishuka na mto Lualaba hadi ziwa Kisale, utafika Sanga, ambako tangu 1957 wanaakiolojia wamefukua makaburi yenye vyungu vya miaka elfu moja na zaidi. Katika makaburi ya watoto vyungu ni vidogo. Aliyevifinyanga alimfikiria mtoto alipokuwa akipima udongo wake.

Waluba wa eneo hili walikuwa pia na lukasa, kibao cha mti cha kushikwa mkononi, kilichopigiliwa shanga na makombe. Mjuzi wa chama cha Mbudye alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, akasimulia asili ya ufalme wao, safari za mashujaa na mpangilio wa ikulu. Elimu hiyo haikutolewa siku ya kwanza; mtu alipanda ngazi za chama hadi akaifikia. Na kibao kilekile, kikisomwa na mjuzi mwingine au mbele ya watu wengine, kilitoa masimulizi tofauti. Walimu wenzangu, pale palikuwa na chuo: kulikuwa na kifaa, mazoezi ya mkono, ngazi za kupanda, na uhuru wa anayesoma.

Sasa twende Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha huko karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakuwapa vijana picha za Ulaya wazinakili. Mmoja wao, Bela, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, akijaza nafasi yote kwa nukta. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi ya rangi, mmoja kando ya mwingine. Karakana moja, mlezi mmoja, na bado huwezi kuchanganya kazi ya huyu na ya yule. Hicho ndicho kipimo cha mwalimu wa sanaa. Ila simfuati Romain-Desfossés hadi mwisho. Aliogopa kwamba ufundi wa Ulaya ungewaharibu wachoraji wake, na hofu hiyo iliwafungia mlango ambao wao wenyewe hawakuulizwa kama wanataka kuupita.

Wakati huo mchoraji Laurent Moonens alikuwa amefungua chuo cha sanaa katika mji huohuo mwaka 1951, chenye masomo yaliyopangwa. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, Pilipili na Mwenze waliingia huko kufundisha. Huo ndio wakati unaonivutia kuliko yote: mchoraji aliyezoea kuuachia mkono wake useme anasimama mbele ya wanafunzi, na inambidi aeleze.

Kueleza huko hakuji kwenyewe, na ndiko ninakotaka kuingie katika mafunzo ya walimu wetu. Kijana wa ualimu achimbe udongo wa mtoni, autoe mawe, aukande, afinyange, na aone chombo chake kikipasuka motoni kwa sababu udongo haukukauka vizuri. Akae na mfinyanzi, mchongaji na msuka mikeka, aandike wanavyofundisha watoto wao. Ajifunze pia mwanga, kivuli na vipimo vya mwili, kwa sababu hivyo navyo ni mali yake.

Mtihani wake wa mwisho ufanyike darasani, watoto hamsini mbele yake, makaa na udongo mezani. Wasahihishaji wapange kazi za watoto sakafuni. Zikifanana zote, arudie mwaka.