Daraja Lililoshindwa Kujibeba



Mtakumbuka kwamba Jumapili iliyopita tuliachana hapa kwa ubishi. Tumekwisha kubaliana kujitolea kutengeneza daraja la miguu pale mtoni, watoto wapate kwenda shule wakati wa masika bila ya kuvuka maji ya kiunoni. Hilo halina mpinzani. Ubishi ulikuwa juu ya magogo. Mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Watoto hawana uzito, magogo makubwa hivyo ya nini?" Watu wakacheka na mkutano ukafungwa. Lakini sisi kicheko kile kilitukosesha usingizi, na ndiyo maana tumemwomba Mwenyekiti nafasi ya leo.

Twataka kuwasimulia habari za daraja moja la huko Kanada, juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec. Kwanza lakini twaomba vijana watatu waje mbele, na viti viwili.

(Hapa vijana watatu walikuja mbele.)

Wawili wakae vitini, mbalimbali kidogo, na kila mmoja anyoshe mikono yake pande zote mbili. Sasa chukueni fimbo; ncha moja ishikwe mkononi, ncha ya pili ikae kwenye kiti. Upande wa nje, mikono yenu ishikizwe kwa makapu haya ya matofali. Katikati tutaweka ubao, na yule wa tatu akalie. Haya, amening'inia, na hakuna nguzo chini yake. Mchezo huu si wetu. Injinia Benjamin Baker aliwaonyesha watu hivi mwaka 1887 alipokuwa akijenga daraja la Forth kule Scotland, na aliyekaa katikati alikuwa injinia wa Kijapani, Kaichi Watanabe.

Waulizeni hawa vijana wanasikia nini. Mikono inavutwa. Fimbo zinasukumwa. Basi, daraja la namna hiyo lote ni hayo mawili, kuvutwa na kusukumwa. Kamba ukiivuta hunyoka. Lakini ufito mwembamba ukiukandamiza kwa ncha zake haukatiki mara moja, hupinda kwanza. Na ukishapinda kidogo tu, uzito ule ule uliokuwa ukiuweza jana leo huushinda. Tafadhali likumbukeni neno hili la kupinda.

(Vijana walikaa. Makofi.)

Daraja la Forth lilifunguliwa mwaka 1890, na kila pengo lake kubwa lilikuwa futi 1,710. Hapakuwa na pengo refu zaidi duniani. Wenye kampuni ya daraja la Quebec walimtafuta injinia mshauri, bwana Theodore Cooper wa New York, mtu aliyesifiwa sana katika Amerika. Hapo kwanza pengo la kati lilikuwa liwe futi 1,600. Mwaka 1900 Cooper akashauri liwe futi 1,800, ili nguzo zijengwe pasipo na kina kirefu. Sababu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini vile vile lingelipita la Forth, na sisi hatuamini kwamba jambo hilo halikumpendeza.

Hapa ndipo penye jibu letu kwa yule ndugu wa magogo. Mzigo mkubwa wa daraja refu si gari moshi wala watu. Ni daraja lenyewe. Ukilirefusha huongezi urefu peke yake, kwa maana chuma kilichozidi chataka chuma kingine cha kukibeba, na hicho nacho kina uzito wake. Kampuni ya Phoenixville, Marekani, iliyopewa kazi ya kulichora na kulijenga, ilifanya hesabu ya nguvu za vyuma kwa makisio ya uzito ya zamani, ya pengo fupi. Kosa hilo lilipogunduliwa, vyuma vingi vilikuwa vimekwisha tengenezwa. Cooper aliambiwa. Alipiga hesabu, akaona vyuma vitabanwa zaidi kuliko ilivyokusudiwa, akasema yafaa, kazi iendelee.

Alisema hayo akiwa New York. Alikuwa mtu mzima na afya yake mbaya. Vyuma vilipoanza kupandishwa juu ya mto hakwenda hata mara moja kuvitazama. Na injinia mmoja wa serikali ya Kanada alipotaka michoro yake ipitiwe na watu wengine, alikataa.

Vile vyuma vya chini, vinavyosukumwa kama zile fimbo, kila kimoja kilikuwa kama mbao nne za chuma zilizosimama sambamba, zikafungwa pamoja kwa vyuma vyembamba na ribiti. Zikifungwa barabara, nne huwa kitu kimoja. Zikifungwa kwa ulegevu, kila moja hupinda kivyake.

Mwezi wa Agosti 1907 zilianza kupinda. Kijana McLure, aliyekuwa macho ya Cooper pale mtoni, alipima chuma kimoja akaona kimepinda inchi robo tatu. Baada ya siku chache alipima tena: inchi mbili na robo. Mabwana wa kampuni wakasema chuma hicho kilitoka kiwandani kimepinda hivyo hivyo. Mnyapara mkuu alisema atasimamisha kazi, kisha akabadili nia akaendelea. Pale mtoni hapakuwa na mtu mwenye elimu ya kutosha na amri ya kutosha kwa pamoja. McLure akapanda gari moshi kwenda New York kumwuliza mzee.

Alimkuta tarehe 29 Agosti. Cooper alifahamu mara moja, akapeleka simu ya maandishi kwamba daraja lisiongezwe uzito. Lakini simu hiyo aliipeleka Phoenixville, si Quebec. Mabwana wa Phoenixville walikaa mkutano jioni, wakaamua kungoja asubuhi.

Kama saa 11 na nusu jioni ile ile, mafundi wakiwa karibu kushuka, daraja lilianguka. Karibu tani 19,000 za chuma zilikwenda chini katika muda wa kama sekunde 15. Waliokuwa juu yake ni watu 86; waliokufa ni 75, na yule mnyapara alikuwa mmoja wao.

Katika hao 75, watu 33 walikuwa Wamohawk, wenyeji wa Amerika tangu kabla ya Wazungu, wa kijiji cha Kahnawake. Kazi hiyo waliianza mwaka 1886, kampuni ya reli ilipotaka kupitisha daraja katika ardhi yao. Kijiji kimoja, jioni moja, watu 33! Husimuliwa kwamba akina mama wa Kahnawake walikataa tangu hapo waume zao wasifanye kazi wote mahali pamoja. Tume ya serikali ilichunguza, na mwaka 1908 ikatoa ripoti ikiwataja Cooper na mchoraji mkuu wa Phoenixville kuwa walikosea. Hizo ni karatasi. Hao akina mama hawakungoja karatasi.

Daraja lilijengwa upya, vile vyuma vya chini vikiwa vinene zaidi ya mara mbili. Hata hivyo mwaka 1916, kipande cha kati kilipokuwa kikipandishwa, kilianguka mtoni na watu 13 wakafa. Mwaka uliofuata gari moshi la kwanza likapita. Lipo mpaka leo, na pengo lake la futi 1,800 halijapitwa na daraja jingine la namna hiyo.

Sasa turudi kwenye mto wetu. Gogo bichi lililonyeshewa lina uzito wake hata pasipo mtoto juu yake. Na kengele ya shule ikilia, watoto hawavuki mmoja mmoja, bali wote kwa mbio. Kwa hiyo tutapima kwanza. Magogo yatawekwa juu ya mawe hapa nchi kavu, kwa urefu ule ule wa mto, na watu wazima watasimama juu yake wengi kuliko watoto wote wa shule. Likipinda, tunaliacha hapo hapo. Yeyote atakayeliona limepinda, hata awe mtoto, apaze sauti na kazi itasimama. Asitutafute sisi ofisini.

Tukutane Jumamosi saa moja asubuhi. Kila mtu na aje na panga au jembe. Seremala wetu atakuja na futikamba. Na yule ndugu aliyesema watoto hawana uzito twamwomba awahi, kwa kuwa kamati imemchagua yeye kushika daftari la vipimo.

(Kicheko na makofi.)