Somo la 12: Nguo Ikikataa Mwili



Katika somo lililopita tulisema juu ya roho ya mtu, ya kwamba haifi. Leo tutasema juu ya mwili wake: jinsi Mungu alivyouumba kwa namna nyingi, jinsi watu wanavyouchora na kuutazama, na jinsi wanavyouvika. Msiseme katika mioyo yenu, "Hili ni neno la mafundi wa kushona, si neno la katekisimu." Vumilieni kidogo, nanyi mtaona.

Kwanza nitaungama kosa langu mwenyewe, kwa maana mwalimu afichaye kosa lake hufundisha nusu tu.

Mwaka mmoja, karibu na Noeli, tulitayarisha maandamano ya watoto watakaovaa kama malaika. Tulipewa nguo nyeupe ishirini, zote zimeshonwa kwa kipimo kimoja, ndefu na nyembamba. Watoto walipozijaribu, zikawafaa wote isipokuwa msichana mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na miwili hivi. Yeye ni mfupi, mwenye mabega mapana, na mgongo wake umepinda tangu kuzaliwa. Nguo ilikwama kifuani. Mimi nilikuwa na haraka, nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe utasimama nyuma ya waimbaji. Malaika hana mgongo wa namna hiyo." Watoto wakacheka. Yeye akaikunja nguo vizuri, akaiweka juu ya benchi, akaenda zake. Dominika nne zikapita bila kumwona katika kanisa.

Ndipo bibi yake alipokuja kwangu. Ni mama mzee aliyewalea wajukuu wake kwa mashini ya kushona. Hakupaza sauti. Alisema, "Baba katekista, nimeshona nguo tangu ujana wangu. Nguo ikikataa mwili, sisi hatulaumu mwili. Twafumua nguo." Akaniaga, akaondoka.

Ndugu zangu, usiku ule sikupata usingizi. Nilikumbuka ya kwamba kila mwaka nawafundisha watoto kuwa malaika ni roho tupu, hana mwili kabisa. Basi, mgongo wa malaika niliuona wapi? Niliuona katika picha. Picha nyingi zilizotundikwa katika makanisa yetu zilichorwa Ulaya, na mchoraji alichora watu wa kwao: warefu, wembamba, weupe, wenye nywele za kunyooka. Kuchora hivyo si dhambi, kwa maana kila mtu huchora nyuso anazozijua. Kosa langu lilikuwa hili: niliifanya picha kuwa kipimo, kisha nikakipima kiumbe cha Mungu kwa karatasi.

Tena kosa hili si dogo. Sikilizeni lilikotufikisha sisi watu wa Kongo katika siku zilizopita.

Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho makubwa huko Tervuren, karibu na Brussels. Wakongo 267 walipelekwa huko, wakawekwa katika vijiji vilivyojengwa bustanini, ili watu wa Ulaya waje kuwatazama, miili yao na mavazi yao. Saba kati yao walikufa kwa baridi na ugonjwa. Makaburi yao yapo hata leo kando ya kanisa la Tervuren.

Tena kulikuwa na mtu jina lake Ota Benga, wa jamii ya watu wafupi wa misitu yetu, ambaye meno yake yalichongwa kwa desturi ya kwao. Mwaka 1904 Mmarekani mmoja, Samuel Verner, alimpeleka Marekani, akaonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis. Mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, huko New York, ndani ya nyumba ya nyani, na makundi ya watu yakaja kumcheka. Kwa nini? Kwa sababu mwili wake ulikuwa mfupi, na meno yake hayakufanana na yao. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga kwa nguvu, wakisema ya kwamba yule ni mtu mwenye roho. Akatolewa. Baadaye akavikwa nguo za Kizungu, na meno yake yakafunikwa. Alitamani kurudi kwao, asiweze. Mwaka 1916 alijiua. Wenye bustani ile waliomba msamaha hadharani mwaka 2020, yaani zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Hata wenye elimu walijikwaa hapo. Mwaka 1940 mtaalamu wa Marekani, William Sheldon, aliandika kitabu akigawanya miili ya watu katika aina tatu: ya mviringo, ya misuli, na ya wembamba. Akadai ya kwamba kwa umbo la mwili aweza kujua tabia ya mtu. Ili kupata vipimo, vijana wa vyuo walipigwa picha bila nguo. Wataalamu waliofuata wameyakataa mafundisho yake juu ya tabia. Lakini je, sisi wenyewe hatusemi vivyo hivyo sokoni? Twasema, "Yule ni mnene, bila shaka ni mvivu." "Yule amekonda, bila shaka ana roho mbaya." Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya wengine.

Sasa tuyatazame Maandiko Matakatifu. Samweli alipotumwa kumpaka mafuta mfalme mpya, alimwona Eliabu, kijana mrefu, akadhani ndiye. Mungu akamfundisha ya kwamba wanadamu hutazama sura, lakini yeye hutazama moyo. Na Daudi alipokwenda kupigana na Goliati, Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa. Je, alilia ya kwamba mwili wake ni mbaya? La. Aliyavua mavazi, akatwaa kombeo lake, akashinda kwa mwili ule ule aliopewa na Mungu. Naye Zakayo alikuwa mfupi, akapanda mti. Yezu hakumcheka. Alimwita kwa jina lake, akaingia nyumbani mwake.

Mwisho, kumbukeni ya kwamba Mwana wa Mungu mwenyewe alivuliwa nguo zake, akavikwa vazi la mfalme kwa dhihaka, akachekwa mbele ya askari. Anayevikwa kwa dhihaka, au anayenyimwa vazi mbele ya watu, yuko upande wa Yezu. Nami siku ile nilisimama upande wa askari.

Basi, nifanye nini? Nilikwenda nyumbani kwa yule bibi, nikamwomba msichana msamaha mbele ya wale wale watoto waliocheka, kwa maana aibu ya hadharani haiponywi kwa neno la faraghani. Bibi alizifumua nguo zote ishirini. Akampima kila mtoto mmoja mmoja, begani, kifuani na urefu, akawashonea tena. Msichana amerudi kanisani. Hajakubali bado kutembea mbele katika maandamano, nami simlazimishi. Jeraha lina siku zake za kupona. Lakini vazi lake liko tayari, limekatwa kwa mwili wake, nalo lamngoja.

Ninyi akina mama na akina baba, msimwite mtoto kwa kilema chake. Ninyi vijana, msiutese mwili, wala msiichubue ngozi kwa dawa kali ili kufanana na picha. Ninyi mafundi, kazi yenu ni takatifu: Mungu mwenyewe aliwavika Adamu na Eva walipokuwa na haya. Pimeni kwanza, ndipo mkate.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Ni nani aliyeumba miili ya watu, mirefu na mifupi?
Ni Mungu, aliyemwumba mtu kwa mfano wake.

2. Je, umbo la mwili laonyesha tabia ya mtu?
Hapana. Tabia ya mtu hujulikana kwa matendo yake.

3. Vazi lapaswa kufanya nini?
Lapaswa kuusitiri mwili na kuuheshimu, si kuuaibisha.

4. Aliyemwaibisha mwenzake mbele ya watu afanye nini?
Amwombe msamaha mbele ya watu, na kulitengeneza alilolivunja.

Kusudi la juma hili: kila mmoja amkumbuke mtu mmoja aliyemcheka kwa ajili ya mwili wake, aende kwake kabla ya Dominika.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini hadi somo lijalo.