Nani Alipanda Mnazi? Nasaba, Utumwa na Mashamba ya Pwani ya Kenya

Kila panapozuka ubishi wa mashamba ya Pwani hurudiwa rai moja: hati ya rejista ndiyo shahidi, na mazungumzo ya wazee kuhusu nani alikuwa mtumwa wa nani ni fitina ya kuvunja koo. Mhadhara huu unaikataa rai hiyo, tena kwa kirefu.

Habari za mkataba wa 1873 na Sultani Barghash wa Unguja wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na za mashamba ya nafaka ya Malindi na Magarini yaliyolimwa na watumwa, wasikilizaji wanazijua. Lisilozingatiwa ni mfuatano wa miaka miwili. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya, na fidia wakalipwa mabwana. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi: kila mwenye kudai shamba alete madai yake, na ardhi isiyodaiwa iwe ya Serikali. Basi mtu aliyekuwa mali ya mwenziwe jana, leo anatakiwa athibitishe umiliki! Angethibitisha kwa lipi? Rejista iliyojazwa namna hiyo inatuambia nani aliweza kufika mbele ya ofisa. Aliyelima haimtaji.

Ushahidi mwingine umesimama shambani. Kwa desturi ya Pwani, mnazi waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyoubeba ikawa ya mwingine. Ndiyo maana mwenye shamba alimwachia mtumwa wa zamani alime muhogo na mahindi, lakini akamkataza kupanda mnazi au mwembe: mti wa kudumu huzaa haki.

Mhadhiri aliwahi kufuatana na jamaa zake kutoka Mombasa kwenda kugawana shamba la babu, kaskazini ya Malindi. Walipofika kwenye safu ya minazi karibu na kisima, shangazi mmoja akasema, "Hii hakuipanda babu yenu." Kaka mkubwa akamkata kauli. Kamba ya kupimia ikakunjwa, na siku ile hakuna aliyepewa fungu.

Kwa kuwa maneno kama ya shangazi yule hukatwa hivyo, kitabu cha James Juma Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa mwaka 1934, kinastahili kusomwa upya na wataalamu wa ardhi, wasiachiwe watu wa fasihi peke yao. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini tazameni ujasiri wake: mtoto wa mtumwa aliyekombolewa anaweka jina lake kwenye jalada na kueleza waziwazi ukoo wake ulikotoka. Nyumbani kwao ni Freretown, Kisauni, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Kwa nini yeye aliweza kusema, na wengi wakanyamaza? Freretown haikuwa ya bwana. Aliyebaki shambani alijinasibisha na ukoo wa bwana wake, akaswali nao, akazika wafu wake palepale. Kutaja asili kungekuwa kujifukuza.

Wapo walionyamaza kwa stara ya mabinti wanaoposwa, na hilo lisidharauliwe. Hata hivyo, mhadhiri anashikilia kwamba kimya cha mashambani kilikuwa, kwanza kabisa, gharama ya kubaki kwenye ardhi.

Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Wachunguzi wake watembee shambani na wazee wa pande zote mbili, wa koo za mabwana na wa vizazi vya watumwa, waulize kila mti wa kudumu ulipandwa na nani na kwa ruhusa ya nani, na majibu yaandikwe kabla rejista haijafunguliwa.