Kitabu Kilichomwua Rais wa FRELIMO



Nimeombwa niseme machache juu ya ukombozi wa Afrika. Vita yote siiwezi kwa dakika nilizopewa. Nitasema juu ya kifurushi kimoja cha posta.

Tarehe 3 Februari 1969, Dakta Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, alichukua barua zake Dar es Salaam akaenda nazo Oyster Bay, nyumbani kwa rafiki, mahali alipozoea kufanyia kazi kwa utulivu. Miongoni mwake kulikuwa na kitabu cha Plekhanov kwa Kifaransa. Alipokifungua kikalipuka. Alikuwa na miaka 48, na vita aliyoiongoza tangu Septemba 1964 ilikuwa katika mwaka wa tano.

Tazameni hila hiyo. Mondlane alikuwa amefanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Walinzi wangemkinga na bunduki. Nani angemkinga na kitabu? Aliyekituma alijua anamtumia msomaji.

Nikiwa Kidato cha Tatu, hapa hapa Dutwa, niliandika katika jaribio la Historia kwamba Mondlane aliuawa na wenzake waliotaka kiti chake. Nilikuwa nimemsikia mzee mmoja mnadani akisema hivyo, na dalili hazikukosekana. Chama kilikuwa na ugomvi mkubwa. Miezi michache baada ya mauaji, Lazaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, alikuwa upande wa Wareno. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Nani kakwambia?" Nilinuna wiki nzima.

Leo, baada ya miaka mingi ya kushika mafaili ya serikali, swali lile nalielewa. Polisi wa Tanzania walianza na vipande vya bomu, si na fununu. Betri zake zilikuwa za Japani, na ufuatiliaji ukafika hadi duka moja la Lourenço Marques, mji mkuu wa koloni. Baadaye akatajwa Casimiro Monteiro, wakala wa PIDE, polisi wa siri wa Ureno, kuwa fundi wa bomu lile. Ndiye huyo huyo aliyetajwa katika mauaji ya Jenerali Humberto Delgado, mpinzani wa Salazar, mwaka 1965.

Na mkono wa ndani, kama ulikuwapo? Hakuna aliyepandishwa kizimbani. Lakini tuhuma hazikungoja hakimu. Uria Simango, aliyekuwa Makamu wa Mondlane, aliwashutumu wenzake kwa waraka mwishoni mwa 1969, akafukuzwa. Mwaka 1975, Nachingwea, katika ardhi yetu hii, alisomeshwa maungamo hadharani. Kisha akauawa kwa siri huko Msumbiji, na mkewe Celina naye akauawa. Sisemi Simango alikuwa malaika. Nasema faili lake halina hukumu ya mahakama, na mimi nilikwisha mhukumu nikiwa na kaptula ya shule.

Karatasi ile ya jaribio ninayo mpaka leo. Nilipata alama mbili kati ya kumi. Nadhani mwalimu alinipendelea.