MITA INAYOSEMA

(Maneno ya mwanachama wetu asiyeona, fundi wa redio na sola, katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi)



Nimeombwa nieleze kile chombo nilichonunua kwa mkopo wa kikundi, maana wengi mmekisikia kikiongea mezani pangu mkadhani ni redio. Jamani, ile ni mita ya kupimia umeme, ila hii inasema.

Mita ya kawaida huonyesha namba kwenye kioo. Mimi nikiishika nashika plastiki tu. Hii yangu nikibonyeza kitufe inataja namba, na kama ni volti au ni kitu kingine. Inasema kwa Kiingereza, nami nimejifunza tarakimu zake, si nyingi.

Wenzetu wa zamani nao hawakukaa bure. Miaka ya 1980, huko San Francisco, Marekani, mhandisi asiyeona aitwaye Bill Gerrey alitoa jarida la mafundi wasioona, likiwafundisha kujitengenezea vipimo vya kusikiliza. Kulikuwa na vipimo vya mlio: unazungusha kitufe mpaka mlio unyamaze, kisha unasoma kwa kidole alama za nukta nundu. Kazi ilikuwa ndefu, lakini jibu lilikuwa lako mwenyewe.

Sasa mnauliza, mimi nafanyaje? Kwenye kitufe cha kuzungusha nimeweka tone la rangi ya kucha, likakauka likawa kipele. Nahesabu mibofyo toka kwenye kuzima. Waya mweusi nimeufunga klipu yenye meno, naibana kwanza kwenye hasi. Hapo mkono mmoja unatafuta chanya na mwingine unaleta ncha ya waya mwekundu. Fyuzi haihitaji hata namba: mita ikilia piii, ni nzima, ikinyamaza, imeungua.

Umeme wa ukutani, volti 230, nauheshimu sana. Sipapasi waya hata siku moja. Nazima swichi ya upande ninaotaka kufanyia kazi, halafu napima mara tatu: kwanza soketi ya upande mwingine ninayojua ina umeme, pili pale pa kazi, tatu narudia soketi ile ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu mita mbovu nayo inaweza kusema sifuri, na sifuri ya uongo inaua.

Akina mama, nije kwenye betri za sola, maana hapo ndipo fedha zetu zinapopotelea. Betri ya volti 12, ya maji, iliyojaa na kupumzika saa kadhaa, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12 imekwisha. Lakini hiyo peke yake haitoshi. Mwenzetu mmoja alileta betri aliyouziwa eti nzima. Mita ikasema 12.5, akafurahi. Nikamwambia aunge taa ya gari. Palepale ikashuka mpaka 9 na kitu. Betri mgonjwa akilala huonekana mzima. Mpe mzigo ndipo utamjua. Tuliibeba mpaka kwa muuzaji, tukapima tena mbele yake. Namba aliisikia kwa masikio yake, hakupata la kusema, na fedha zikarudi.

Hilo ndilo jambo kubwa kwangu. Zamani nililazimika kumuuliza mtu, akiniambia "iko sawa" nalipa. Mteja naye alijiuliza, huyu asiyeona kajuaje? Siku hizi mimi na mteja tunasikia namba moja kwa wakati mmoja. Si ndivyo tunavyofanya hapa kikundini? Miaka 10 yote fedha zimehesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama kabla sanduku halijafungwa. Ndiyo maana mimi nisiyeona sijawahi kuwa na wasiwasi na hisa zangu.

Mkopo ule nimeumaliza. Nina ombi moja. Akija mama mwenye ulemavu kuomba mkopo wa kifaa, muulizeni kazi yake, bei ya kifaa na atarejeshaje, kama mnavyomuuliza mwanachama yeyote. Ndugu Mgeni Rasmi naye atukumbushie halmashauri: tangu mwaka 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tusaidiwe kuzifikia.

Na ninyi akina mama, mkitaka kununua betri njooni tuipime kabla hamjalipa. Mkija baada ya kulipa, mita itasema ukweli uleule, ila utauma zaidi.