Walionusurika Bila Machozi: Ganzi ya Hisia na Watu wa Ziwa

Tangu Januari 2022, mhudumu wa zahanati kisiwani Bumbire, katika Ziwa Victoria, akifuata mwongozo mpya wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ule wa ICD-11, anaweza kumhoji mvuvi aliyenusurika kuzama, akamaliza maswali yote ya msingi ya msongo baada ya kiwewe na kufunga daftari, asigundue kwamba mtu aliyeketi mbele yake hajafurahia kitu miaka mingi. Mwongozo unamtaka aulize mambo matatu. Je, tukio linamrudia kana kwamba linatokea sasa hivi? Je, anakwepa kila kinachomkumbusha? Je, anashtuka ovyo, akiishi kana kwamba hatari ingali ipo? Kufa ganzi kwa hisia hakumo. Kumehamishiwa kwenye maradhi jirani, kiwewe changamano, ambayo hayatajwi mpaka yale matatu yawe yametimia kwanza.

Uamuzi huo ndio uliouzaa mhadhara huu, na mzungumzaji hatajifanya kwamba aliupokea kwa utulivu.

Historia ya ganzi katika miongozo wenzetu wa idara wanaijua. Wamarekani, katika mwongozo wao, waliyapa maradhi ya msongo baada ya kiwewe jina rasmi mwaka 1980 na ganzi ikawemo tangu siku hiyo. Mwaka 1987 wakaifunga kitita kimoja na ukwepaji. Mwaka 2013 wakavitenganisha. ICD-10 nayo iliitaja ganzi wazi katika maelezo yake. Yatosha.

Kikosi kilichoandaa sura hiyo ya ICD-11, chini ya uenyekiti wa Andreas Maercker, hakikuwa cha wazembe. Hoja yao ni kwamba ganzi haina makao maalumu. Mwenye sonona anayo, mwenye msiba mzito anayo, hata mlevi wa siku nyingi anayo; kwa nini basi iwe alama ya kiwewe? Tena walitaka orodha fupi inayoweza kutumiwa na muuguzi mmoja mwenye foleni ndefu, mahali ambapo daktari wa akili hajawahi kukanyaga. Nia hiyo inastahili heshima. Anayejua safari ya mgonjwa kutoka visiwani, kwa boti hadi ng'ambo kisha kwa gari hadi Rubya, Ndolage au hospitali ya mkoa Bukoba, hawezi kudharau ufupi wa fomu.

Lakini hoja yenyewe haisimami. Homa hupatikana kwa mgonjwa wa malaria, wa taifodi na wa nimonia, na hakuna aliyewahi kupendekeza ifutwe kwenye orodha ya dalili za malaria kwa kosa la kupatikana kwingine. Dalili inayoshirikiwa humtaka mganga aangalie zaidi. Haimpi ruhusa ya kutoangalia.

La pili ni zito kuliko hilo. Wanaoiweka ganzi pembeni huichukulia kuwa ni ukosefu tu, mahali ambapo hisia zilikuwapo na sasa hazipo. Mwaka 2000 Brett Litz na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa maveterani wa vita vya Vietnam. Waliwaonyesha picha za kupendeza na za kuchukiza huku wakipima msuli wa shavu unaovuta tabasamu. Wenye kiwewe walipokuwa wamekumbushwa vita kwanza, msuli ule ulilegea mbele ya picha za kupendeza kuliko ulivyofanya pasipo ukumbusho. Kwa picha mbaya, ukumbusho haukuleta tofauti kama hiyo. Maana yake tabasamu lipo. Kinacholizima ni kumbukumbu. Litz alikwisha kuonyesha pia kwamba kinachobashiri ganzi vizuri zaidi ni mwili kukaa macho wakati wote, kushtuka na kukosa usingizi, kuliko hata ukwepaji. Kumbe ganzi na mshtuko ni pande mbili za uchovu uleule. Mwongozo umeubakiza mmoja na kumfukuza pacha wake.

Kwa haki, wale walikuwa wanajeshi wa Marekani katika maabara. Hawakuwa wavua dagaa wa usiku, wala watu waliozika ndugu bila kuuona mwili. Udhaifu huo unakubaliwa hapa, kisha tuendelee.

Kuendelea kwenyewe ni kurudi kwa Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani, na kitabu chake ambacho wanafunzi wa mzungumzaji wamechoka kukisikia. Aprili hadi Septemba 1962, miaka 17 baada ya bomu, daktari huyu alikaa Hiroshima akiwahoji manusura 75. Thelathini na watatu waliteuliwa kwa bahati nasibu. 42 walichaguliwa kwa sababu walikuwa wasemaji au watu mashuhuri, na wapinzani wake hawajaacha kumsuta kwa hilo. Kitabu chake kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1969. Alichokigundua ni hiki: watu walisimulia kwamba katikati ya maiti na moto waliona kila kitu, walijua kila kitu, na ghafla wakaacha kuhisi. Kwa saa zile ilikuwa kinga. Bila hiyo wasingeweza kutembea hatua moja. Shida ilikuja kinga ilipokataa kuondoka, ikakaa miezi, ikakaa miaka, ikageuka namna ya kuishi.

Jambo linalomfanya Lifton asomeke hadi leo ni lile alilolikiri juu yake mwenyewe. Mahojiano ya mwanzo yalimchosha na kumtikisa. Baada ya muda mfupi akajikuta anashughulikia makundi ya majibu na mpangilio wa hoja, na uchungu ukapungua. Naye alikuwa akifa ganzi kidogo, ganzi ya kazi. Wauguzi, askari na wachimba makaburi wanaifahamu hali hiyo bila kumsoma.

Ziwa letu limewapa watu wake sababu za kutosha. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba, meli iliyopimwa kubeba abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Makadirio ya waliokufa hukaribia 900, na wengine husema hata zaidi. Tumbo la meli lilibaki juu ya maji kwa saa kadhaa. Waokoaji waliwasikia watu wakigonga kutoka ndani, wakatoboa bati, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Taifa liliomboleza siku tatu, na wengi wakazikwa Igoma. Yalifuata ya MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018, zaidi ya watu 220. Kisha ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, watu 19 kati ya 43, huku wavuvi wakiwa wa kwanza kuifikia kwa mitumbwi yao.

Wanaofanya hesabu ya manusura huwasahau waliosikia kule kugonga kutoka ndani ya MV Bukoba.

Na hapa linakuja lile jibu la nyumbani ambalo mzungumzaji analichukia kuliko kosa lolote la Shirika la Afya kule Geneva: wamezoea. Watu wa visiwani wamezoea maji, husema jamaa wa bara, Mhaya hujikaza, mwanamume halii. Baba mdogo wa mzungumzaji alitolewa majini mwaka ule wa 1996. Alirudi Kamachumu, akawashukuru waliokuja kumpa pole, mmoja mmoja kwa jina. Ukoo ukamsifu kwamba kajaliwa moyo wa chuma. Kwenye harusi ya binti yake wa kwanza aliketi kama mgeni aliyekosea nyumba. Senene wa Novemba alikuwa akiwatafuna na kusema tu kwamba wana chumvi. Miaka ilipita ndipo mtoto wa kaka yake aliyesomea mambo haya alipothubutu kumuuliza. "Mwanangu," alisema, "naona wenzangu wanafurahi. Najua na mimi nilipaswa. Nasubiri, haiji." Hakuwa akiota meli. Hakukwepa boti; alipanda kila juma. Kwa mizani ya mwongozo mpya hakuwa na kiwewe.

Anayetaka ganzi ambayo haikuhitaji tiba aende kwenye barua za msafiri Henry Morton Stanley. Agosti 1875 alirudi Bumbire kulipiza kisasi cha mapokezi mabaya aliyoyapata hapo Aprili, akawamiminia risasi watu waliosimama ufukweni, kisha akawasimulia wasomaji wa New York Herald na Daily Telegraph kwa wino mkavu hata Waingereza wenyewe wakashtuka. Wazee wa kisiwa hicho hawakuwa na gazeti la kuandikia upande wao.

Tiba ipo, na baadhi yake imepimwa jirani. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwasaidia Wasudani kusimulia maisha yao kwa mfuatano, tangu utoto, tukio baya likiwekwa mahali pake kati ya mema. Mwaka mmoja baadaye asilimia 29 tu walikuwa bado na maradhi, dhidi ya asilimia 79 ya waliopewa ushauri wa kawaida na 80 ya walioelimishwa tu. Huko Nakivale, mwendo si mrefu kutoka mpaka wa Kagera, kazi hiyo ilifanywa na washauri waliofunzwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Huko ushauri wa kiwewe usio na mpangilio huo nao ulikaribia kufanya vizuri sawasawa, jambo linalowanyamazisha kidogo mashabiki wa njia ya masimulizi, mzungumzaji akiwemo. Dawa za sonona huwasaidia wengi, ila baadhi yake hupunguza makali ya hisia zote, na anayeziandika bila kuuliza kwanza kuhusu ganzi hatajua baadaye kama ni ya ziwa au ya kidonge.

Kikosi cha Maercker kitajibu kwamba baba mdogo alikuwa na sonona, basi, na sonona ina ukurasa wake. Huenda. Lakini sonona isiyoulizwa ilianza lini itatibiwa kana kwamba haikuanzia majini, na Mei 21 haitatajwa chumbani humo. Kwa hiyo pendekezo kwa zahanati za wilaya ya Muleba, Bumbire ikiwamo, halihitaji kusubiri Geneva: pembeni mwa fomu, chini ya yale maswali matatu, muuguzi aongeze kwa kalamu la nne, kisha amuulize pia mke au mtoto aliyemsindikiza mgonjwa. Tangu siku ile, ni kitu gani kimewahi kumfurahisha?