Dawa za Wazee Wetu
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kwa lugha ya Kipsigis dawa huitwa kerichek, na wako wasemao kwamba jina la Kericho latokana na neno hilo. Basi yafaa tuzungumze habari za dawa.

Mzee aliyefanya kazi katika shamba la chai alitibiwa katika zahanati ya kampuni. Astaafupo hurudi nyumbani, na zahanati ile huiacha nyuma. Tangu hapo dawa ya presha huipata Kericho, ya kisukari Longisa au Tenwek, ya magoti huinunua sokoni, na dawa za miti shamba huletewa na jirani. Kila ampaye dawa humpa kwa nia njema, lakini hakuna hata mmoja azionaye zote.

Hapo ndipo penye hatari. Figo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, na dawa nyingi hukawia kutoka mwilini. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vikitumiwa siku nyingi, huweza kudhuru figo na tumbo, tena huipandisha presha ile ile ambayo dawa nyingine yajitahidi kuishusha. Glibenklamidi, dawa ya kisukari ya siku nyingi, huweza kushusha sukari mno hata mzee akaanguka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye miaka 60 na zaidi wasipewe.

Hata hivyo mzee asikatize dawa kwa maneno yangu. Na amwulize daktari kwanza. Presha mara nyingi haina maumivu, na aachaye vidonge kwa kuwa ajiona mzima huweza kupatwa na kiharusi.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, dawa zote, hata za miti shamba, zitiwe katika mfuko mmoja na kuonyeshwa daktari au mfamasia kila mwendapo. Wazee wetu wasione haya. Pili, nunueni katika duka lenye kibali, kama itakavyo Sheria ya Dawa na Sumu, Sura 244, ya tangu 1957. Tatu, kila nyumba imchague kijana mmoja ajuaye kusoma, amsomee mzee maandishi ya dawa na kumkumbusha saa zake.

Waliotulea wasiachwe peke yao na vidonge vyao.